Kutoka Yeriko Kupanda

Sogeeni, wanangu. Binti yangu kaa upande huu, kaka yako upande ule, na kama hamtaki kutazamana basi nitazameni mimi, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Nyumba ni yenu wote wawili. Kibanda cha viatu na ile cherehani ya ngozi ni vya binti yangu, kwa sababu mkono wake umetulia. Wewe kijana wangu una haraka, wala usinune.

Nimeshona soli za watu maisha yangu yote bila kwenda popote, nikitazama tu zilivyolika na kujiuliza, huyu alipita wapi? Ndiyo maana kanisa lilipotuletea ile hija ya kwenye simu, unatembea hapahapa kwenye korido nayo inahesabu hatua zako na kukusogeza njia ya Nazareti hadi Yerusalemu, ikikufungulia picha na maelezo kila unapofika mahali, nilifurahi kama mtoto. Nilitaka kujua kila kitu. Vumbi la kule lina rangi gani? Mawe yake yanakata soli?

Miguu iliponigomea, kijana wangu ukaifunga simu kwenye mkono wa cherehani, ukashona kutwa nzima, simu ikidhani kila mtikisiko ni hatua, nami nikaamka nimeshavuka Yeriko usingizini! Na simu hiyo inakwenda mbele tu, hairudi. Niliumia, sikufichi, Yeriko yote, hata mti mmoja sikuuona. Lakini ulifanya kwa mapenzi, na baadaye nilicheka peke yangu: nani mwingine amewahi kuhiji kwa cherehani?

Wewe binti ukamwita mwizi wa safari, naye akakujibu kwamba yeye ndiye anayeniogesha, wewe unapiga simu tu. Tangu siku hiyo, hata ukija, mnapitana mlangoni kama wapangaji wasiojuana. Hilo linaniuma kuliko mgongo, kuliko hata Yeriko.

Sasa sikilizeni. Simu nawaachia pamoja, mmoja asiifungue peke yake. Kaka aishike atembee, kwa miguu yake. Dada afuatane naye, asome. Msingoje nife. Anzeni sasa, hapo kwenye korido, mlango muuache wazi.

Mungu awalinde... awape miguu mizima, na maneno ya kuambiana. Baraka yangu ni moja, sikuweza kuikata vipande.

Haya, nendeni... Soma kwa sauti, mama... Eh! Kumbe ni jangwa tupu? Na kivuli, hakuna?... Anakwenda mbio mno huyo, atanivusha tena bila kuona. Mwambie apunguze mwendo... Hapana, si mimi wa kumwambia. Mwambie wewe.