Wasifu wa Kigingi, Aliyekagua Kila Mpaka Isipokuwa Wake

Marehemu, ambaye mafundi wote walimwita Kigingi, alizaliwa tarehe 9 Mei 1961 nyuma ya kiwanda cha mbao, ambako baba yake alikuwa mlinzi. Alikuwa mtoto wa tatu wa dada yangu. Ukubwa wa kichwa aliurithi kwa baba yake. Kilichokuwamo ndani, bila ubishi, kilitoka upande wetu wajomba.

Alisoma shule ya msingi, kisha chuo cha ufundi, akahitimu uashi mwaka 1980. Cheti alipewa na chuo, lakini kushika timazi nilimfundisha mimi. Ukuta wake wa kwanza bado umesimama. Wangu wa kwanza hauhusiani na habari hii.

Mwaka 1988 alisajili kampuni ya ujenzi. Kazi zake nyingi zilikuwa kandokando ya msitu wa hifadhi, na hakusaini mkataba wowote kabla yeye na mwenye kazi hawajatembea mpaka wa kiwanja kwa miguu, kigingi hadi kigingi. Kila mkataba wake ulisema hivi: jengo likiingia msituni bila kibali, aliyelijenga atalivunja, na waliokaidi aliwavunjisha kweli. Matajiri walinung'unika, viatu vimejaa matope. Mmoja alimwambia, "Fundi, miti hii haina mwenyewe."

Akajibu, "Inaye, bosi. Wewe ndiye bado hatujakuthibitisha."

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1989 na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Wakajenga katika kiwanja ambacho Kigingi aliachiwa na baba yake, na mkewe akapata jiko alilolitamani, lenye dirisha pana linalotazama miti.

Mwaka 2009 bwana misitu alikuja kupima mpaka upya. Jiko lote likaonekana liko ndani ya hifadhi. Kigingi alikuwa ametembea mipaka ya watu wote. Wa kwake aliuamini tu, kwa kuwa ulikuwa wa baba.

Bwana misitu akamwambia, "Mzee, omba kibali, nitakuombea kwa wakubwa."

"Na wale niliowavunjisha niwaambie nini?"

Mkewe akatoka na sufuria. "Vunja, baba watoto. Ila leo unapika wewe."

Alilivunja mwenyewe, tofali kwa tofali. Jioni tukala wali wenye vumbi la saruji, nami nikaongezwa mara mbili, maana mjomba hakatai. Jiko jipya lilijengwa upande wetu, dogo, dirisha lilelile.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 17 Juni 2024, mkewe akiwa kando yake. Aliomba jambo moja: azikwe nyuma ya nyumba, karibu kabisa na miti, lakini asiingie msituni.

Hilo lilitutia wasiwasi. Jana bwana misitu, ambaye sasa amestaafu, alikuja na futi kamba akapima kutoka kigingi hadi tulipokusudia kuchimba.

"Ni ndani ya kiwanja," akasema.

Mjane akamwambia, "Pima tena, shemeji. Tukikosea, huyu atatoka ahame mwenyewe."

Akapima tena. Kisha akavua koti, akachukua sepetu, akaanza kuchimba yeye.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na mjomba mmoja ambaye bado ana nguvu zake.

Apumzike kwa amani, mpwa wangu, upande wetu wa mpaka.