Injini ya Matatu Kwenye Landrova ya Obwocha

Pale Nyansiongo, lami inapoachana na ile barabara ya matope ipandayo mlimani, kuna benchi la miguu mitatu na jiwe moja. Ukilikuta tupu, jua kuna matanga. Siku nyingine zote wanalikalia wale wale. Yupo Mwalimu Nyasani, aliyestaafu shule lakini hakustaafu kufundisha, na yupo Osoro, ambaye wote humwita Bonasi kwa sababu kila habari, hata ya mvua, yeye huifikisha kwenye bonasi ya majani chai, yale malipo ya nyongeza ya mkulima. Nyanchoka huwauzia kahawa ya tangawizi, maana watu wanaoamka na chai na kulala na chai wamechoka kuiona. Nyuma ya benchi ni gereji ya Ogoti, jina la kazi Spana, na Ijumaa hiyo mlangoni mwa gereji ilisimama Landrova ya marehemu Obwocha, boneti juu. Ufunguo alikuwa nao mjane wake, Bochaberi.

Bochaberi hakuja kunywa kahawa. Kwa miaka kumi na sita Landrova ile ndiyo iliyoteremsha maziwa ya nyumba kumi na moja kutoka mlimani, kwanza mikononi mwa mumewe, kisha mikononi mwake. Mvua ya masika ikishika, pikapu zote hulala njiani, yenyewe hupita. Mwezi uliopita injini yake ya petroli ilikufa kwa uzee, na tangu hapo maziwa ya mlimani yanachachia ndooni, mengine wanapewa ndama na paka. Spana akamtafutia injini ya dizeli iliyotoka kwenye matatu iliyopinduka, akachonga bamba la chuma la kuiunganisha na giaboksi, akaifunga. Leo ndiyo ya kuiwasha. Isipowaka, Bochaberi alishatoa neno lake: Gautam, mwenye yadi ya vyuma vikuukuu mjini Kisii, aje saa kumi aibebe. Sasa ilikuwa saa tisa na nusu.

— Washa, mama, akasema Spana, kichwa kikiwa ndani ya boneti.

Bochaberi akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza.

— Betri, akasema Bonasi kutoka benchini.

— Betri ni mpya, akajibu Spana.

— Basi plagi zimelowa.

— Bonasi, hii ni dizeli. Haina plagi za cheche. Kunywa kahawa.

— Mimi nasaidia tu. Mkulima hata akipewa bonasi kidogo, hawezi kosa maoni.

Mwalimu Nyasani akakohoa. Mwalimu akikohoa, methali iko njiani, na haiulizi kama inahitajika.

— Wahenga walisema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Hiyo injini ni ya matatu. Imezoea kupigiwa bodi na makanga. Bila hiyo, itaendaje?

— Mwalimu, hiyo nayo ni methali ya nyoka, si ya gari, akasema Nyanchoka.

— Nyoka haendi? Gari haliendi? Tofauti ni gani?

Bonasi alikuwa ameshasimama. Alikwenda nyuma ya Landrova akaipiga mbavu mara mbili kwa kiganja.

— Haya, twende! Mbele bado mmoja tu!

Bochaberi akazungusha. Ikakohoa tena, safari hii kidogo zaidi. Akataka kucheka, lakini kicheko kilikataa kutoka. Alitazama barabara ya kutoka Kisii.

— Nimejua, akasema Bonasi, akirudi kuketi. Hii gari ilikuwa ya mzungu zamani, wakati mashamba ya hapa yalikuwa yao. Sasa umeiwekea kitu ya matatu. Ni kama mtu amewekewa figo ya mtu mwingine. Mwili unakataa! Mpaka kuwe na dawa ya kuutuliza.

— Dawa gani hiyo? Spana akauliza, bila kuinua kichwa.

— Wewe ndiye daktari.

— Damu nzito kuliko maji, Mwalimu akaongeza. Ndiyo maana oili yake ni nzito.

— Mwalimu, tafadhali.

— Lakini tuulize vizuri, Mwalimu akaendelea, sauti ikishuka kama ya mtu anayetoa siri ya mtihani. Mwenye ile matatu alikuwa nani?

— Mzee mmoja wa Nyacheki, akasema Spana. Msabato, kama mimi. Jumamosi haikuwa inatoka.

Benchi lote likapumua pamoja.

— Si ndiyo hiyo! Bonasi akapiga goti. Leo Ijumaa! Injini imeona jua linaenda chini, inajitayarisha kwa Sabato!

— Jua bado liko juu, Bonasi.

— Imezoea kufunga kazi mapema. Hata kwetu, maandalizi huanza mchana.

Spana aliinuka, uso mweusi kwa grisi. Hakuwa na hasira, ila alikuwa amechoka, na yeye mwenyewe saa yake ilikuwa inahesabika: jua likizama, spana zinalala mpaka kesho jioni, hata kama ni gari la nani.

— Mama Valentine, akamwambia Bochaberi kwa upole, akimwita kwa jina la mwanawe, nimeangalia kila kitu. Pampu ni nzima. Nozeli ni nzima. Inazunguka vizuri. Sijui inataka nini.

Fundi akisema sijui mbele ya watu, mambo ni mazito. Bochaberi akaushika usukani palipochujuka rangi kwa mikono ya Obwocha, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akamkasirikia kwa kumwachia kitu kizito hivi.

Hapo ndipo lori la Gautam lilipokata kona. Lilikuwa limewahi, kama magari ya kuchukua vitu yanavyowahi siku zote. Gautam alishuka taratibu. Alikuwa mtu wa makamo, shati la mikono mifupi. Amezaliwa Kisii, na baba yake Rasiklal alizaliwa Kisii, na Kikisii chake hakina deni kwa mtu.

— Bwairire, akawaamkia kwa Kikisii.

— Bwairire, wakaitikia, bila furaha.

— Mama, pole. Ni hii?

— Ni hii, akasema Bochaberi.

Gautam hakukimbilia mnyororo. Aliizunguka Landrova pole pole, akagusa tairi, akainama kuangalia chini. Alipofika kwenye kifuniko cha tangi akasimama. Akakifungua. Akanusa. Akanusa tena.

— Tangi iko na nini?

Mwalimu Nyasani, ambaye hajakosa jibu tangu aanze kusema, alitazama ndani ya kikombe chake. Bonasi alikuna shingo. Nyanchoka akaanza kufuta vikombe vilivyokuwa vikavu. Na Bochaberi akahisi joto likimpanda usoni, kwa maana swali lile hata yeye alikuwa amelikwepa wiki nzima.

Ilikuwa hivi. Wote wanne, yeye na hao watatu, wako kwenye egesangio kimoja, kile kikundi cha kulimiana mashamba kwa zamu. Wiki iliyopita zamu ilimfikia Bochaberi, naye akasema shamba lingoje, gari ndilo linalomuumiza. Basi wakakubaliana kila mtu amletee mafuta ya kuanzia safari. Injini mpya ilikuwa bado haijafika, hakuna aliyejua inakunywa nini. Walikuja mmoja mmoja jioni, mtungi umefunikwa, na desturi ya kikundi hairuhusu kuuliza umeletewa nini, wala kiasi gani. Mchango hupokelewa kwa mikono miwili, macho pembeni. Bochaberi aliipokea mitungi yote, akashukuru, akaimimina yote kwenye tangi. Spana alipomwambia baadaye atie dizeli, alitia lita tano juu yake. Kumwaga vya wenzake hakuweza. Alijiambia dizeli itavimeza.

Angeweza kunyamaza. Gautam angefunga kifuniko, angefunga mnyororo, na hakuna mtu ambaye angeaibika.

— Makosa ni yangu, akasema. Mliniletea, nikachanganya. Nilisikia harufu mbalimbali, nikaona haya kuwauliza. Nikaona haya kumwaga zawadi ya watu.

Kisha Bonasi akasema, akiangalia viatu vyake:

— Yangu ilikuwa petroli. Ya mashine ya kukata nyasi.

— Yangu ni dizeli, akasema Mwalimu. Nilichota kwa mwenye posho mili, ile mashine ya kusaga mahindi. Nafikiri ni dizeli. Ilikuwa giza, na penye wengi hapaharibiki neno.

Nyanchoka aliweka kikombe chini.

— Mimi ilikuwa mafuta ya taa, Mama Valentine. Ya stovu. Ndiyo nilikuwa nayo.

Bochaberi akamtazama. Akakumbuka kwamba wiki ile yote kahawa ya Nyanchoka ilikuwa na harufu ya moshi wa kuni, na wote wakamcheka. Alishuka kwenye gari akamshika mkono, akauacha ndani ya mkono wake muda mrefu.

— Mbuya mono, akamwambia. Asante sana, dada.

— Na mimi nalaumu nozeli! Spana alipiga kelele, nusu anacheka, nusu anataka kulia. Siku mbili naosha nozeli! Leteni beseni! Jua halingoji mtu!

Walichojaza pamoja wakakitoa pamoja. Mwalimu alishika beseni, Bonasi akashika mpira, Nyanchoka akakataza mtu yeyote kuvuta sigara. Spana alibadilisha filta. Gautam naye, bila kuombwa, aliingiza mpira kwenye tangi la lori lake akafyonza, akatema, akaelekeza dizeli safi kwenye mtungi.

— Gautam, akauliza Bonasi, kwani hukuja kuchukua gari?

— Nilikuja kuchukua gari imekufa. Hii haijakufa. Imelishwa vibaya.

Spana akalegeza nati kwenye paipu, akapampu kwa mkono kutoa hewa. Mapovu yakatoka, yakapungua, yakaisha, dizeli ikatiririka safi. Akakaza. Jua lilikuwa limeshagusa miti ya mlimani. Wengine walirudi benchini, na hakuna aliyetoa methali.

— Haya, mama.

Bochaberi akazungusha ufunguo. Ikakohoa mara moja. Ikakohoa mara ya pili. Kisha ikashika, ikanguruma, Landrova nzima ikatetemeka mpaka kioo cha pembeni kikacheza, na benchi likaanguka kwa sababu wote waliliacha kwa pamoja. Bonasi alimkumbatia Gautam. Mwalimu alikuwa anapiga makofi kama yuko darasani mwake mwa zamani, machozi yakimtoka bila aibu. Mlimani, mtu aliyeusikia mngurumo alianza kupiga mbinja.

Ndipo Bochaberi akaizima.

— Mama Valentine! wote wakapiga kelele. Unafanya nini?

Alikuwa anatabasamu, mashavu yamelowa, mkono bado uko kwenye ufunguo.

— Nyamazeni kidogo, akasema. Nataka kuisikia tena ikiwaka.