Thacienne Umurerwa na Hesabu ya Moto

Ndugu zetu mliofika kutufuta machozi, mimi ni Wenceslas, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake bila kupunguza kitu, hata kile ambacho wengine walitaka kisisemwe.

Thacienne Umurerwa alizaliwa Bukavu tarehe 3 Mei 1961, kwa wazazi waliokimbia kutoka Nyakarenzo, upande huu wa Rwanda, akasoma hukohuko hadi sekondari, kisha akasoma kemia Lubumbashi, akamaliza mwaka 1986, mwanamke pekee darasani mwao.

Mwaka 1987 aliajiriwa Bukavu na kiwanda cha magodoro ya sponji, ambako dawa mbili huchanganywa na maji kidogo, chembe zake zikaungana kuwa minyororo mirefu, zikaumuka na kutoa joto, naye kwa miaka minane akaandika milinganyo ya kuonyesha minyororo hiyo inakua kwa kasi gani, na joto linafika wapi. Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Papa Birindwa, wakajaliwa Cyusa na Reine.

Machi 1996 dawa zilipungua, mkurugenzi akaamuru maji yaongezwe ili sponji iumuke vilevile, dada akakokotoa, akaona sponji itawaka yenyewe kutoka katikati baada ya saa chache, akamweleza, akajibiwa, "Maman, hesabu haijazi depo." Alikataa kutia saini agizo hilo, akaingia depo, ghala la magodoro, akapaza sauti, "Batu bote batoke inje, mutanilaumu kesho!" Wakatoka wote kumi na tisa, na depo ikaungua jioni ile.

Kwa kuwa alikuwa Mnyarwanda, ilisemwa ameichoma yeye, wengine wakasema kwa uchawi, akafungwa siku kumi na moja, akapewa karatasi akiri, naye akaijaza milinganyo mpaka ukingoni, akaandika chini yake, "Hii ndiyo iliyochoma." Basi tunasema mbele ya jeneza lake, hakuwa mchawi, hakuwa msaliti, alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Agosti 1996 alivuka mpaka na familia yake, akafundisha kemia hapa Cyangugu, vita ikazuka ng'ambo, ikaisha, ikaanza tena, yeye hakukosa darasa, na hata saratani ya titi ilipomlaza mwaka 2002, alisahihisha mitihani kitandani. Alifariki tarehe 9 Novemba 2003, akiwa na miaka arobaini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, walimu wenzake, na wenzake wa kiwandani mliovuka kutoka Bukavu asubuhi hii.

Lala kwa amani, dada yetu, waliotaka unyamaze wamekusikia leo.