Ujumbe wa Bi Nyamvula Uliongoja Ijumaa

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Ni mimi Zaid, na leo naona haya kushika kipaza sauti hiki.

Tunamkumbuka Bi Nyamvula wa Likoni, mpishi wa pilau za arusi. Mnamjua. Kila Ijumaa, kwenye kipindi chetu cha salamu redioni, alituma ujumbe wa sauti mrefu. Aliwasalimu waliomenya thomu, waliokuna nazi, "na yule aliyeficha mnofu kwenye buibui, namjua!" Nami nikimtania kwamba salamu zake zitanimalizia betri.

Miaka thelathini alisimama mbele ya masufuria. Mwaka huu mguu ukamkataa. Ilikuwa saratani ya ini, imeshafika mfupa wa paja. Madaktari walimwambia kweli: haiponi. Lakini mfupa waweza kutiwa chuma, asimame tena.

"Yanitosha," akasema. "Niswali nimesimama, si kwa kiti."

Shida ilikuwa damu. Saratani ile ikiguswa huvuja damu nyingi. Kwa hivyo Jumatano wangepitisha mpira mwembamba mshipani, wazibe mishipa inayoilisha. Alhamisi wangepasua, kabla damu haijapata njia nyingine. Hata hivyo ilitakiwa damu ya akiba, chupa sita. Jamaa zake walipata mbili.

Jumatatu akanitumia ujumbe. Dakika tatu. Nikaona jina lake, nikacheka, nikauweka na salamu za Ijumaa. Sikuufungua. Wasikilizaji wapendwa, narudia: sikuufungua.

Bintiye, Hafswa, ameniambia redio ilikaa kitandani kwa mamake siku zile zote. Jumatano mishipa ikazibwa, wakitumaini damu itafika. Alhamisi chupa zilikuwa mbili vilevile. Upasuaji ukaahirishwa.

Ijumaa nikaucheza ujumbe hewani, nanyi mkausikia pamoja nami. "Mwanangu Zaid, leo sitaki kusalimu watu. Nataka damu kabla ya Alhamisi. Waambie watu wangu." Nikaukata hapo hapo, nikaweka muziki.

Nyinyi mlikwenda. Kufikia alasiri, watu arubaini na mmoja walikuwa wamejitokeza kutoa damu. Lakini homa ilikuwa imempanda, ini limelegea, na madaktari hawakuthubutu kuziba mishipa upya na kupasua. Wiki tatu baadaye Bi Nyamvula alifariki. Hakusimama tena.

Nilikwenda matangani nikajibanza mlangoni. Hafswa akanivuta ndani. "Mama hakukukasirikia," akaniambia. "Alisema Zaid ana watu wengi." Afadhali angenitukana.

Hafswa, na jamaa wote wa Likoni, poleni sana. Mola amrehemu mama yetu. Nawaomba radhi hapa hewani, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea. Nanyi mnaonisikiliza, fikirini: ni nani mliyemzoea mpaka hamsikilizi tena anachosema? Ufungueni ujumbe wake leo.

Jana ndipo nilipopata moyo wa kusikiliza kipande nilichokikata. Anasema hivi: "Salamu nna moja tu, nayo ni yako, mwanangu. Nikisimama, nitakupikia."