Stambuli bin Mahfudh, Mcheza Majini wa Junda

Yanasomwa haya hitmani, nyumbani kwa Maalim Mahfudh, Junda, Jumanne tarehe 3 Desemba 1963, kwa idhini ya mzee mwenyewe, aliyetaka pasifichwe kitu.

Marehemu Stambuli bin Mahfudh alizaliwa hapa Junda tarehe 14 Machi 1936, mtoto wa kwanza wa Maalim Mahfudh na Bi Tumu. Inasemekana mtoto huyu alinyamaza kulia mara tu alipotiwa kwenye beseni la maji. Huenda Bi Tumu aliyatia chumvi hayo baadaye, lakini alikuwa akiyasimulia kwa furaha, na siku hizi furaha yake ni adimu.

Alisoma chuoni kwa babake, akakhitimu Kurani akiwa na miaka kumi, kisha akaingia skuli ya serikali kisiwani hadi mwaka 1951. Maalim alimtaka arithi chuo. Kijana alikuwa na sauti nzuri na moyo wa kusoma, ila akili yake ilikuwa majini. Akikosekana chuoni, babake hakuuliza yuko wapi. Alichukua bakora na kushuka pwani.

Mwaka 1956 alipata kazi katika klabu moja ya kuogelea ya Wazungu upande wa Nyali. Kazi yake ilikuwa kuopoa majani bwawani, kutia dawa ya maji na kugawa mataulo. Pale wanawake wanane wa Kizungu walikuwa wakijifunza kucheza ndani ya maji kwa muziki, wote kwa pamoja, vichwa chini, miguu juu, wakifunga duara na kulifungua. Mwaka 1958 mmoja wao aliugua, na mwalimu wao akamwambia Stambuli aingie ashike nafasi ile, mazoezi yasiharibike. Kwa miaka mitatu aliingia badala ya huyu na yule, hata akazijua nafasi zote nane. Siku za maonyesho alisimama mlangoni na mataulo.

Mwaka 1961 alikusanya wanaume watano, wachonga mawe na wachukuzi, akaanza kuwafunza katika hori yetu, mkono huu wa bahari, maji yakijaa. Karisa, rafikiye mkubwa, aligonga sufuria kwa kijiko ndani ya maji ili walio chini wasikie hesabu. Mtaa ulicheka mpaka ukachoka. Walimwita Bibi Maji, na jina hilo likafika msikitini, na Maalim akakoma kumtaja mwanawe mbele za watu. Kicheko cha mtaa Stambuli alikivumilia. Kilichomuuma ni babake. Alimwambia dadake, Barke, "Nataka aje anione mara moja tu. Akishaniona, na anikataze, nitaacha."

Tarehe 7 Aprili 1962 alimuoa Zubeda binti Aidarus wa Mishomoroni. Aliyeandika cheti cha ndoa aliuliza kazi ya bwana harusi, naye akajibu, "Nacheza majini." Yule mwandishi akatafakari, akaandika "mvuvi". Tangu hapo wakwe zake wakawa wakingoja kitoweo kila Ijumaa, na Stambuli, kwa kuona haya kuwavunja moyo, alipitia sokoni akanunua samaki wa changu na kuwapelekea. Tarehe 20 Februari mwaka huu walijaaliwa binti, Alawiya.

Katika wiki ya sherehe za Madaraka, kamati ya mtaa ilikubali vijana wacheze horini tarehe 5 Juni, saa tisa, maji yakiwa yamejaa. Barke alikuwa amemsihi babake siku nane, naye mwishowe akasema atakuja akishasalisha alasiri. Watu walijaa ukingoni. Saa tisa ikapita, na saa kumi ikapita. Maalim alikuwa bado msikitini na tasbihi mkononi, wenzake wameshatoka, anajishauri.

Karisa alimwendea Stambuli. "Maji yatoka, bwana. Tuingie sasa au tuwache hadi kesho."

"Baba yuaja."

"Wewe wayajua maji kuliko sisi sote."

"Nayajua. Tungoje kidogo."

Hapa Junda hata mtoto wa miaka sita anajua kuyatazama maji. Stambuli aliyatazama, akayaona, akangoja.

Maalim alifika saa kumi na moja na robo, akapewa kiti mbele. Vijana wakaingia. Mwisho wa mchezo Stambuli alipanda mabegani mwa wenzake wawili akajirusha kichwa chini, kama walivyozoea. Mahali ambapo saa tisa maji yalimpita mtu kichwa, sasa yalikuwa ya kiunoni, na chini yake mwamba.

Shingo ilivunjika. Alilazwa hospitali miezi minne bila kusogeza mkono wala mguu, kisha akarudishwa nyumbani kwa sababu hapakuwa na la kufanywa tena. Vidonda vya kulala vikammaliza. Karisa anasema laiti angemzuia kwa nguvu siku ile. Marehemu alifariki juzi, Jumapili, tarehe 1 Desemba, kabla ya adhuhuri, akiwa na miaka ishirini na saba, akazikwa alasiri ya siku hiyo hiyo. Uhuru ni Alhamisi ya wiki ijayo. Katika nyumba hii hakuna anayeuzungumza.

Ameacha mjane, Zubeda, aliye edani, binti, Alawiya, wa miezi tisa, mamake, Bi Tumu, dadake, Barke, na babake, Maalim Mahfudh, ambaye ameomba yaongezwe haya.

Siku ya pili hospitalini Stambuli alimwuliza, "Uliniona, baba?"

Maalim akajibu, "Nilikuona, mwanangu. Ulicheza vizuri."

Toka hapo ikawa kila siku aombe kuhadithiwa: miguu ilinyooka? Duara lilifunguka sawasawa? Naye Maalim, ambaye hakuna aliyewahi kumjua kwa uongo, alikuwa akienda kwa Karisa asubuhi kuuliza mchezo ulivyokuwa, hatua kwa hatua, ili jioni amhadithie mwanawe. Alimhadithia miezi mitano na zaidi. Marehemu alisikiliza amefumba macho, akitabasamu.

Kweli ni kwamba vijana walitoka na kaptura fupi, mapaja wazi, na Maalim, aliyefundisha miaka thelathini kwamba paja la mwanamume ni la kusitiriwa, aliinamisha macho akatazama ardhi. Alidhani atayainua wakishaingia majini. Kisha miguu ikachomoza juu, akaona haya mbele ya wanafunzi wake, akabaki ameinama. Alisikia sufuria, akasikia makofi, kisha akasikia kimya. Mwanawe alimngoja saa mbili na robo, naye hakumwona. Ameomba mlijue hili kabla hamjampa mkono wa pole.

Mola ampokee Stambuli kwa rehema, na amjaalie utulivu ambao sisi tuliobaki hatuna.