Honi Moja Langoni

Usiku wa Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, honi moja ilisikika langoni kwetu Magamba, fupi, moja tu, kama ile aliyokuwa akipiga marehemu baba yetu kila gari lilipotoka gereji likiwa limepona, nami Immaculata, binti yake, nimesimama kwa niaba ya familia kueleza maisha yake, na kueleza honi hiyo ilipigwa na nani.

Marehemu fundi Didace alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 nchini Burundi, akaletwa na wazazi wake katika makazi ya wakimbizi ya Katumba mwaka 1972, akasoma shule ya msingi huko huko hadi 1979. Mwaka 1981 alipokelewa Mpanda mjini na fundi Silvesta, aliyemfundisha kuweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, asikilize ugonjwa kabla ya kufungua nati hata moja, na mwaka 1994 akafungua gereji yake mwenyewe hapa Magamba.

Tarehe 12 Oktoba 1991 alifunga ndoa na mama yetu Annonciata, wakajaliwa watoto wanne, Révérien, mimi, Sixte, na mmoja ambaye jina lake halikutajwa nyumbani mwetu kwa miaka minane.

Wapenzi wa magari mliokaa kwenye benchi la gereji mnayakumbuka maneno yake, kwamba magari ya siku hizi yana sura za watu waliokasirika, taa zimefinywa kama macho ya aliyeumwa na nyuki, injini imefunikwa plastiki kama hotipoti, na ukiuliza ugonjwa unaambiwa subiri kompyuta. Mzee Nashon alimchokoza, "Fundi, haya mapya yanakunywa mafuta kidogo kuliko wewe chai," naye akajibu, "Yatakunywa machozi yako ukikwama Sitalike."

Juni 2017, Baba akiwa msibani Litapunga, mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa ametoka chuo cha ufundi, aling'oa injini ya zamani ya Landkruza ya Baba, akaweka mpya ya kompyuta, akidhani anampa zawadi. Baba aliporudi tarehe 9 aliweka bisibisi sikioni, hakusikia sauti aliyoijua, akamwambia aondoke, na tangu siku hiyo akamwita "yule", nasi tukafuata. Lakini gari hilo aliliendesha miaka yote minane, bila kulisifu, bila kuirudisha injini ya zamani.

Machi mwaka huu figo zilianza kumsumbua, na aliposhindwa kuamka kitandani alituomba kila jioni tuliwashe gari chini ya dirisha, akasikiliza, hadi tarehe 4 Novemba aliposema, "Halina kosa. Mwambieni yule aje." Mama alimpigia simu Mwanza, alikokuwa akiishi, jioni ile ile.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuchotea maji, na mafundi wenzake mliofunga gereji leo.

Aliyepiga honi alibaki nje ya lango, hakuthubutu kuingia, na Baba, ambaye hakuweza tena kuinua kichwa, alifumbua macho, akamwita kwa jina lake kwa sauti iliyofika nje, naye akaingia, kisha Baba akakata roho mkono wake ukiwa mkononi mwa mwanawe. Pumzika, Baba, kazi yako imetoka gereji, nasi leo mbele ya watu wote tunaliita jina uliloliita: Pacifique.