Ipo, Subiri Kidogo

Bismillahi. Sogeeni wanangu. Ammar kaa upande wa dirisha, Rahaf kaa hapa miguuni kwangu, na mama yenu Mwanamize leo asikae katikati, maana ninayoyasema sitaki yapitie kwa mtu mwingine. Najua hii ni mara ya tatu nawaita kuwausia, na mara mbili zilizopita nilipona, mkarudi makazini mmenuna na ruhusa zenu zimeisha, niwieni radhi. Safari hii naona kweli nakwenda, kwa sababu hata chai ya tangawizi siitamani, na Lalit, jirani yangu wa dukani, alikuja asubuhi kunijulia hali akanirudishia ngazi aliyoazima mwaka ule mvua ilipoijaza Jangwani. Mtu kama Lalit harudishi ngazi kwa mgonjwa atakayepona.

Mali sitaizungumza sana. Nyumba hii ya Magomeni na duka la spea la Gerezani vitagawiwa kama sheria ya mirathi inavyosema, nendeni kwa kadhi, msinizulie maneno. Kinachoninyima usingizi ni kingine. Ammar, mwanangu wa kiume ni wewe peke yako, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu, na nimesikia umemwambia mama yako kwamba nikifa hutasimama kunisalia wala kuingia kaburini kunipokea, kwa kuwa huna uhakika kama kuna anayesikiliza na hutaki kuwa mnafiki. Na wewe Rahaf, mwalimu wa madrasa, nimekusikia kwa masikio yangu ukisema bora asiniguse. Sasa nitapokewa na nani, na Lalit? Lalit mgongo wake haukunjiki tangu mwaka juzi.

Nawakumbusha ulikoanzia ugomvi wenu, maana mna miaka miwili mnaishi ua mmoja hamsemezani, mnatumana kwa mama yenu, mwambie mwanao aanue nguo zake kambani, mwambie binti yako maji yamekatika, na huyo anayeambiwa yuko hapo hapo anasugua sufuria. Ulianza kwenye futari, kwa swali langu mimi. Nilikuwa nimeshika sambusa, nikauliza tu, hivi huu ulimwengu kwa nini upo? Ammar ukasema ulianza mdogo kuliko punje ya mtama, ukatanuka, na mpaka sasa unatanuka. Nikauliza, kabla ya hapo je? Ukasema, baba, swali hilo halina maana, wakati wenyewe ulianzia hapo, usiulize. Nikakugeukia wewe Rahaf, ukasema Mola aliuambia, "Kuwa," ukawa. Nikauliza, aliutakia nini, naye hahitaji kitu? Ukasema, baba, huo ni wasiwasi wa shetani, usiulize. Nikashukuru moyoni, nikaona watoto wangu wawili niliowasomesha kwa beringi na plagi wamekubaliana neno moja. Kumbe wenyewe hamkusikia mlivyokubaliana. Mmoja akaitwa kafiri, mwingine akaitwa mjinga, na bakuli la tambi likaishia ukutani. Alama yake iko pale mpaka leo, na nimekataza isipakwe rangi.

Kesho yake nilimpelekea Lalit swali hilo hilo. Akaniambia katika dini yao ulimwengu huumbwa, ukavunjwa, ukaumbwa tena, mara zisizo na idadi. Nikamwambia, kwa hiyo huu tulio nao ni mtumba. Akafikiri, akasema ndiyo, lakini mtumba wa hali nzuri. Tukacheka mpaka mteja akachoka kungoja akaenda zake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana mimi sikusoma kama ninyi, chuo changu ni kaunta. Miaka arobaini na mitatu watu wanakuja pale na swali moja, ipo? Gasketi ipo? Klachi ipo? Mkanda wa feni upo? Na marehemu baba yangu alinifundisha kwamba dukani kwetu neno hakuna ni marufuku. Kama huna, unasema, "Ipo, subiri kidogo," unampa mteja kigoda, unatokea mlango wa nyuma, unakimbia kwa Lalit, na Lalit akikosa anakimbia kwa jirani yake, mpaka kitu kinapatikana. Wala si uongo. Ipo, ila haijafika. Ammar, siku ile moja niliyolazwa nikakuachia duka, uliwaambia watu kumi na mmoja hakuna, hakuna, hakuna. Ulitazama rafu ukasema ulichokiona, ulisema kweli tupu, na watu wale sijawaona tena. Na wewe Rahaf usicheke, kwani wewe ukikaa pale unasema ipo kabla mteja hajamaliza kutaja anachotaka, halafu hunyanyuki kwenda kuitafuta.

Ni mteja mmoja tu katika miaka yote aliyewahi kuniuliza lile swali la kwenye futari. Mzee mmoja, Tarsis, alikuwa na Pijo 504 iliyokuwa ya marehemu mkewe Candida, na alizunguka Kariakoo nzima siku tatu kutafuta pampu yake ya maji. Akaniuliza kama ipo, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa. Nikapanda juu ya kreti la soda, maana ngazi ilikuwa kwa Lalit, nikaishusha kutoka rafu ya juu kabisa, bado imefungwa kwenye gazeti alilofungia baba yangu. Yule mzee akaishika. Hakusema asante, hakuuliza bei. Akasema, "Mbona ipo?" Machozi yakamtoka pale pale mbele ya mafundi. Nikamjibu, sijui mzee wangu, hata mimi niliikuta.

Wanangu, hilo ndilo swali. Ammar, wewe unauliza ilifikaje rafuni, na ni jambo jema, uliza mpaka uote mvi. Rahaf, wewe unasema nani kaiweka, na mimi niko nawe, namwita Mola na nimemsujudia. Lakini mngekuwa mmezunguka siku tatu mkaikosa, mngeishika kwanza mkalia, kisha ndipo mngebishana. Mimi nimefika miaka sabini na sita, na asubuhi nikifungua macho mama yenu yupo, nanyi mpo, mnaniudhi lakini mpo, na mbona mpo, sijui. Nimewapenda mno. Hilo sikuwahi kulisema, nilidhani mmeliona.

Nipeni maji. Si hayo ya chupa, ya mtungini... Na feni izimwe, naona baridi. Ammar, wacha kunishika mkono unanihesabu mapigo, nishike tu.

Maagizo yangu ni machache. Ngazi irudi dukani, na Lalit akiitaka tena apewe. Gazeti la ile pampu liko kwenye saraka ya kaunta, lisitupwe. Ammar, nikishushwa, wewe uwe ndani, unishike kichwa. Sikulazimishi kusema unajua usichokijua, nakuomba unipokee. Yale maneno yanayosemwa umeyasahau, najua. Rahaf atakufundisha... Rahaf, utamfundisha wewe, ana kwa ana, si kwa kumtuma mama yako. Akikosea, yarudie naye, bila kumtia kasoro.

Kwa sababu mimi huko nitaulizwa. Nitaulizwa, imani ipo? Nami najijua, rafu zangu nyingine ni tupu, siku nyingi nilisali huku nawaza beringi. Nitasema, ipo, subirini kidogo. Halafu nitatokea mlango wa nyuma... nije kwenu. Ninyi ndio duka la jirani. Nikija, msiniambie hakuna.

Mwenyezi Mungu awape afya, awape riziki isiyo na fitina, azikunjue nyoyo zenu kama... kama anavyoukunjua huo ulimwengu wako, Ammar. Amsitiri mama yenu. Radhi zangu mnazo, wote wawili, sawa kwa sawa.

Sasa, kabla sijachoka... nawauliza kama mteja. Undugu upo?

Msiniangalie mimi. Tazamaneni... Kama rafu ni tupu, mnajua la kusema, nimewafundisha.

Mimi kigoda nimeshapewa. Nasubiri kidogo.